Kukataa Njia na Kukata Njia: Historia Fupi ya Sera za Njia katika Mtandao, Ikitazamwa kutoka Butembo na Beni

1. Utangulizi

Mtu wa Butembo au wa Beni ambaye simu yake imeshindwa kupeleka ujumbe husema kwa kifupi, “Wamekata rezo.” Husema hivyo umeme unapozimika kwenye mnara, husema hivyo salio linapokwisha bila yeye kujua, na alisema hivyo pia tarehe 31 Desemba 2018, siku ambayo nchi nzima ilitengwa na intaneti kwa amri ya serikali. Kitenzi ni kimoja katika hali zote tatu, na kiambishi cha nafsi kilicho mbele yake hakielezi ni akina nani waliokata. Msikilizaji naye haulizi, kwa kuwa anafahamu kwamba hata msemaji hajui.

Makala haya yametokana na utata huo wa lugha, ingawa si makala ya sarufi. Tunakusudia kueleza historia ya jambo ambalo wahandisi huliita sera za njia, yaani kanuni zinazoandikwa ndani ya ruta ili kuamua ni njia ipi ya mtandao ipokelewe, ipi ikataliwe, na ipi itangazwe kwa jirani. Tutaifuata historia hiyo tangu 1982. Tutapita Nairobi, ambako mwaka 2000 njia za mtandao ziligeuka kuwa shauri mbele ya vyombo vya sheria. Kisha tutarudi Beni na Butembo. Hoja yetu ni kwamba kukataa njia na kukata njia ni matendo mawili tofauti. La kwanza lilibuniwa ili majirani wasiojuana vizuri waweze kufanya kazi pamoja. La pili hufanywa kwa vyombo vilevile, lakini bila kuwajibika kwa jirani yeyote. Anayeyaita yote mawili kwa jina moja hupoteza nafasi ya kuuliza swali la msingi: nani aliiandika kanuni, na anamjibu nani?

2. Njia ni habari ya jirani

Msomaji asiye mhandisi na aanze na barabara anayoijua. Shehena ya nguo iliyoteremshwa Mombasa kwa mfanyabiashara wa Butembo hupita Nairobi, Malaba, Kampala na Kasese, huvuka mpaka Mpondwe, huingia Kasindi, hufika Beni, kisha humaliza kilomita zipatazo 54 za mwisho kuelekea kusini. Dereva aliyeko Mombasa hawezi kuiona barabara yote. Anachokijua ni habari iliyopokezanwa: Beni wamewaambia Kasindi kwamba panapitika, Kasindi wamewaambia Kasese, Kasese wamewaambia Kampala, na habari hiyo imemfikia yeye pamoja na majina ya waliompokeza.

Intaneti huenda kwa namna hiyohiyo. Si mtandao mmoja wenye mkuu mmoja, bali ni muungano wa mifumo zaidi ya 70,000 inayojitawala, kila mmoja ukiwa na nambari yake: kampuni ya simu, benki kubwa, chuo kikuu, wizara. Kila mfumo huwatangazia majirani zake anwani zinazoweza kufikiwa kwa kupitia kwake, ukitaja pia msururu wa mifumo ambayo habari hiyo imepitia. Jirani akiikubali habari, huongeza nambari yake mwanzoni mwa msururu na kuipeleka mbele. Itifaki inayoongoza mazungumzo hayo hujulikana duniani kote kwa herufi tatu, BGP.

Anwani hazitangazwi moja moja, bali kwa mafungu. Kila fungu hutambulishwa kwa tarakimu za mwanzo ambazo anwani zake zote huwa nazo, jambo ambalo mwanasarufi angeliita kiambishi awali, na sisi tutaliita hivyo. Kanuni moja juu ya viambishi hivi ni lazima ikumbukwe, maana ndiyo chanzo cha mikasa tutakayoieleza: kiambishi kirefu zaidi hushinda kilicho kifupi. Tuseme mtu mmoja ametangaza kwamba barua zote za Butembo zipitie kwake, na mwingine ametangaza kwamba barua za mtaa wa Kimemi zipitie kwake. Barua ya Kimemi itakwenda kwa huyu wa pili, kwa kuwa tangazo lake ni mahususi zaidi. Ruta haiulizi kama mtangazaji huyo ana nyumba Kimemi.

Hapo ndipo sera ya njia huhitajika. Mhandisi anapoiandika huwa anajibu maswali matatu kwa kila jirani: matangazo yapi niyapokee kutoka kwake, yapi niyapendelee ikiwa majirani wawili wametangaza mahali pamoja, na yapi nimtangazie. Vyombo vyake si vingi. Kuna orodha ya viambishi vinavyoruhusiwa. Kuna uchunguzi wa msururu, unaowezesha kukataa habari iliyopitia kwa mfumo fulani. Kuna alama zinazobandikwa kwenye tangazo ili mfumo wa mbele ujue litendewe nini. Kuna pia kikomo cha idadi: jirani aliyezoea kutangaza viambishi 20 akitangaza ghafla 20,000, mazungumzo naye hukatizwa hadi ajieleze. Kanuni husomwa kwa mfuatano kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana na tangazo ndiyo inayoamua. Kwa hiyo mtu akiweka juu kabisa kanuni ya kupokea kila kitu, zote zilizo chini yake huwa maandishi tu.

Kwa mfano, tumfikirie mtoa huduma mdogo wa Butembo anayenunua njia kwa wakubwa wawili, mmoja akipitia Kinshasa na mwingine akipitia Uganda. Njia alizozipata kwa mmoja haimpasi kumtangazia mwingine. Akisahau kanuni hiyo, ruta zake zitakuwa zimewaambia wakubwa wale wawili kwamba Butembo ni daraja kati yao, na shehena isiyo yake itamiminika katika waya wake mwembamba mpaka wateja wake wenyewe wakose nafasi. Katika hali hiyo kukataa si ukatili. Ni sharti la ujirani.

3. Kutoka meza ya chakula hadi daftari

Itifaki ya kwanza ya kupokezana njia kati ya mifumo inayojitawala, iliyoitwa EGP, ilielezwa na Eric Rosen katika waraka wa Oktoba 1982. Wakati ule mtandao wa Marekani ulikuwa mdogo, na ulidhaniwa kuwa na umbo la mti: shina moja katikati na matawi pembeni. Habari ya njia ilisema tu kwamba mahali fulani panafikika. Haikutaja waliopokezana habari hiyo. Aliyeipokea aliipokea yote au aliiacha yote.

Mwezi Januari 1989, katika mkutano wa wahandisi uliofanyika Austin, Texas, Kirk Lougheed wa kampuni ya Cisco na Yakov Rekhter wa kampuni ya IBM walichora wakati wa chakula, juu ya karatasi za kufutia mikono, mpango wa itifaki mpya. Waraka wake ulitolewa Juni mwaka huohuo, nao ndio mwanzo wa BGP. Jambo kuu walilolileta lilikuwa msururu tuliokwisha kuutaja. Msururu uliwekwa kwanza ili habari isizunguke na kumrudia aliyeitoa, lakini ulileta faida ya pili: aliyeweza kusoma majina ya waliopokezana habari aliweza pia kusema kwamba habari iliyopitia kwa fulani haitaki. Kwa maneno mengine, sera ilipata mahali pa kushika. Toleo la nne la itifaki hiyo lilitolewa 1994, likapangwa upya 1995 na tena 2006. Ndilo linalotumika hata sasa.

Haja ya sera haikuwa ya kifundi peke yake. Uti wa mgongo wa intaneti ya Marekani katika miaka ile, NSFNET, uligharimiwa na serikali, na masharti yake yaliruhusu kazi za utafiti na elimu tu, si biashara. Taasisi ya Merit ya jimbo la Michigan, iliyouendesha, iliweka daftari la sera, na mtandao usioandikwa humo haukupokelewa njia zake. Daftari, kwa hiyo, lilitangulia soko. Uti huo wa mgongo ulipozimwa Aprili 1995 na kazi yake kuachiwa makampuni, hapakuwa tena na mlinzi mmoja wa daftari. Kila mfumo ulibaki na majirani zake.

Ulaya ilikuwa imeliona jambo hilo mapema. Jumuiya ya RIPE, iliyoanzishwa 1989, ilitoa Februari 1993 waraka wa namna ya kuandika sera za njia katika daftari la pamoja, ikaurekebisha Oktoba 1994. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa lugha maalumu ya kuandikia sera, iliyochapishwa Januari 1998 na kusahihishwa Juni 1999. Mwanaisimu hawezi kuipita lugha hiyo bila kuitazama. Sentensi zake ni fupi, na vitenzi vyake vikuu ni viwili: kupokea na kutangaza. Kutoka kwa jirani fulani, pokea hiki. Kwa jirani fulani, tangaza kile. Kukataa hutokea kwa kutotaja: kisichosemwa kwamba kimepokelewa hakikupokelewa. Kitenzi cha kukata hakimo kabisa. Walioitunga walifikiri juu ya majirani wanaoandika masharti yao mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Hawakufikiri juu ya mtu wa tatu anayewaamuru majirani wote wanyamaze kwa siku moja.

4. Daftari bila mlinzi

Daftari lilikuwepo, lakini halikulazimisha mtu. Aliyetaka alijiandikisha, na aliyetaka alilinganisha matangazo ya jirani na yaliyoandikwa. Wengi hawakufanya hivyo, na gharama yake ilionekana mara tatu kwa mfano ulio wazi.

Tarehe 25 Aprili 1997, mfumo wenye nambari 7007, wa kampuni ndogo ya Marekani, ulitangaza kwa makosa sehemu kubwa ya njia za intaneti kana kwamba ni zake, tena zikiwa zimekatwa katika viambishi virefu vilivyozishinda njia za kweli. Mtoa huduma aliyekuwa juu yake hakuchuja. Sehemu kubwa ya mtandao iliyumba kwa saa kadhaa, na hata baada ya ruta yenye kosa kuzimwa, matangazo yake yaliendelea kuzunguka.

Tarehe 24 Februari 2008, serikali ya Pakistani iliagiza YouTube izuiwe nchini humo. Pakistan Telecom ilitekeleza agizo kwa kutangaza ndani ya mtandao wake kiambishi kirefu kuliko kile cha YouTube, ili shehena hiyo iishie shimoni. Tangazo hilo lilipaswa kubaki ndani. Lilitoka, likamfikia mtoa huduma wake wa kimataifa huko Hong Kong, PCCW, naye akalipokea na kulipeleka kwa dunia. Kwa muda wa saa mbili hivi, maombi ya YouTube kutoka mabara yote yalielekea Pakistani. Huu ndio mfano bora wa hoja yetu, maana matendo yote mawili yamo ndani yake. Serikali ilitaka kukata. Jirani aliyepaswa kukataa hakukataa. Ukataji wa nchi moja ukawa msiba wa wote kwa sababu ya kukosekana kukataa.

Mfano wa tatu ni wa bara letu. Tarehe 12 Novemba 2018, kampuni ya MainOne ya Nigeria ilipokuwa ikirekebisha mitambo yake ilikosea vichujio vyake vya BGP na kuitangazia China Telecom njia za Google ambazo haikupaswa kuzipeleka mbele. China Telecom ilizipokea. Kwa dakika 74 shehena ya Google kutoka sehemu mbalimbali ilipitishwa mahali pasipo pake, na nyingi haikufika. Kampuni yenyewe ilieleza hadharani kwamba kosa lilikuwa lake na kwamba halikuwa la makusudi. Yafaa kuuangalia uungwana huo: aliyekosea alijitaja, akataja kilichokosewa, na majirani wakajua la kurekebisha.

Wahandisi hawakukaa kimya. Mwaka 2012 ulitolewa mpango wa kutia saini za siri katika haki ya kutangaza kiambishi, ili ruta iweze kuthibitisha kwamba anayetangaza Kimemi amepewa Kimemi. Julai 2017 waraka mwingine uliagiza kwamba ruta isiyoandikiwa sera yoyote kuhusu jirani isipokee wala isitangaze chochote. Zamani ukimya ulimaanisha ruhusa. Kuanzia hapo ukimya ulipaswa kumaanisha katazo.

Hata hivyo saini nayo hutegemea daftari, na daftari hutegemea watu. Kwa Afrika daftari la anwani liko mikononi mwa AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius lililotambuliwa rasmi 2005. Mashauri mahakamani yalilielemea hata likakosa bodi yenye akidi, na mwaka 2023 mahakama ya Mauritius ililiwekea msimamizi. Anwani za Butembo zimo katika daftari hilo pamoja na za Kairo na za Cape Town. Njia ya mwanafunzi wa Beni huthibitishwa, mwishowe, na afisi iliyoko kisiwani katika Bahari ya Hindi.

5. Shauri la Nairobi

Turudi nyuma kidogo, na tukaribie nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, barua pepe iliyoandikwa Nairobi kwa msomaji wa Nairobi ilipanda setilaiti, ikavuka bahari hadi Ulaya au Marekani, ikarudi kwa setilaiti nyingine. Kila mtoa huduma alikuwa na njia yake ya nje, lakini hakuna aliyekuwa na njia kwa jirani wa mtaa uleule. Safari hiyo ilichukua kati ya milisekunde 1,200 na 2,000, na ililipiwa fedha za kigeni kwenda na kurudi.

Watoa huduma wa Kenya, waliokuwa wameunda chama chao cha TESPOK mwaka 1999, waliamua kujenga kituo cha kubadilishana shehena, KIXP, kilichoanza kazi Novemba 2000. Kituo cha namna hii hakiuzi njia. Ni meza ya pamoja ambapo kila mmoja hutangaza viambishi vyake na vya wateja wake tu, na hupokea vya wenzake tu. Hapa tena kukataa ndiyo adabu ya meza: anayetangaza njia asizopewa huharibu ujirani wa wote.

Hazikupita wiki nyingi kabla ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kituo kinavunja haki yake ya pekee ya kubeba shehena ya kimataifa. Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilikubali hoja hiyo na Desemba 2000 ikaamuru kituo kifungwe kwa kukosa leseni. Watoa huduma walijibu kwamba kituo hakibebi chochote cha kimataifa, bali kinazuia shehena ya nyumbani isigeuzwe kuwa ya kimataifa. Shauri likapelekwa mbele. Maelezo yakatolewa kwa maafisa, kwa wanasiasa na kwa magazeti. Mwishoni mwa 2001 leseni ilitolewa, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa upya. Safari ya ujumbe kati ya mtaa na mtaa ikashuka hadi kati ya milisekunde 60 na 80.

Tunayo mafunzo mawili hapa. Kwanza, amri ya kufunga ilikuwa na mwenyewe. Ilitolewa na chombo chenye jina, kwa sababu iliyoandikwa, na kwa hiyo iliweza kupingwa kwa sababu nyingine iliyoandikwa. Pili, ubishi wote ulikuwa juu ya maana ya maneno: shehena ya kimataifa ni ipi, na ya nyumbani ni ipi? Aliyeshinda ni yule aliyeweza kueleza kazi ya njia kwa lugha ambayo waamuzi waliielewa. Kongo nayo ilipata kituo chake cha kwanza, KINIX, mjini Kinshasa mwaka 2012, na vingine vilifuata Lubumbashi na Goma. Umbali wa Butembo na Kinshasa unaonyesha kwa nini kituo cha mji mkuu hakitoshi.

6. Kukata: Kairo, Kinshasa, Butembo na Beni

Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Januari 2011, njia zipatazo 3,500 za Misri zilifutwa katika matangazo ya BGP kwa muda wa dakika chache. Hazikukataliwa na majirani. Watangazaji wenyewe, kwa amri, waliacha kuzitangaza. Kwa dunia ilikuwa kana kwamba mji ule haujapata kuwepo. Tangu hapo wachunguzi wa mtandao walijifunza kutofautisha namna mbili za kukata: kuondoa matangazo, jambo linaloonekana kutoka nje, na kuzuia shehena ndani ya nchi huku matangazo yakiachwa yalivyo.

Kongo imepata kukatwa mara kadhaa. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulizuiwa kwa majuma zaidi ya matatu; walioumia sana ni viziwi, ambao ujumbe huo ulikuwa simu yao. Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilifungwa. Mwishoni mwa Desemba 2017 ikafungwa tena. Msingi wa kisheria uliotajwa ulikuwa kifungu cha 46 cha sheria nambari 013/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kinachoiruhusu serikali kuzuia matumizi ya vyombo vya mawasiliano, kwa muda inaouamua yenyewe, kwa ajili ya usalama wa umma. Sheria hiyo ilifuatwa na ile nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Maneno ya kutiliwa maanani ni yale ya muda: hauwekwi na mahakama wala na sheria yenyewe, bali na mkataji.

Tufike sasa kwenye majuma tunayoyakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika eneo la Beni. Tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba wapiga kura wa Beni na Butembo, pamoja na wa Yumbi magharibi, zaidi ya milioni 1 kwa jumla, hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na wenzao, bali Machi 2019, kwa sababu ya ugonjwa na ya usalama. Rais angeapishwa Januari. Siku ya kura ilipofika, wakazi wa Beni waliweka masanduku yao wenyewe na kupiga kura ya mfano. Kesho yake, tarehe 31 Desemba, intaneti na ujumbe mfupi vikakatwa nchini kote. Mshauri wa rais alieleza kwamba lengo lilikuwa kuzuia matokeo ya uongo yasienezwe. Huduma zilirudi baada ya siku zipatazo 20, wakati uleule Mahakama ya Katiba ilipothibitisha matokeo.

Watu wa Goma walikuwa na upenyo: walitumia kadi za simu za Rwanda karibu na mpaka, au walivuka kabisa. Butembo haina mpaka wa kuvuka kwa miguu. Miji yetu miwili, kwa hiyo, iliondolewa mara mbili katika muda wa siku tano: kwanza kura zake hazikuhesabiwa kwa rais, kisha sauti yake haikusikika nje. Tunaandika hivi bila kutaka kudai zaidi ya tunayoyajua. Hatusemi kwamba ugonjwa ulienea kwa sababu ya intaneti. Tunasema kwamba katika majuma ambayo habari za kweli juu ya ugonjwa zilihitajika kuliko wakati wowote, mtu wa Katwa hakuwa na njia ya kulinganisha uvumi aliousikia sokoni na habari iliyoandikwa mahali pengine.

Watu wa Kivu wanavijua vizuizi. Uchunguzi wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji, uliochapishwa 2017, ulihesabu bariyeri 798 katika barabara za Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Hata hivyo bariyeri, pamoja na dhuluma zake, ina uso. Dereva humwona aliyenyanyua kamba, hujua yuko upande gani, huweza kubishana naye, na baadhi ya nyakati hupewa karatasi. Aliyekatiwa rezo hana wa kubishana naye. Skrini haisemi kwamba njia imezuiwa na fulani kwa kifungu fulani mpaka tarehe fulani. Inaonyesha tu kwamba hakuna mtandao, kana kwamba ni hali ya hewa.

7. Hitimisho

Historia tuliyoifuata ni ya kutokuaminiana kulikogeuzwa kuwa utaratibu. Mwaka 1982 jirani aliaminiwa kwa kuwa alijulikana. Mwaka 1989 alianza kutaja majina ya waliompokeza habari. Mwaka 1993 masharti yake yalianza kuandikwa mahali pa wazi. Baada ya 1997, 2008 na 2018 ilionekana kwamba maandishi hayatoshi bila uthibitisho. Katika kila hatua, kukataa kulizidi kuwa kwa haki kwa kadiri kulivyozidi kuandikwa na kusomeka. Kukata hakujapitia hatua hata moja ya hizo.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. Msamiati wetu unatosha, tukiwa tayari kuutenganisha. Tuseme kupokea na kutangaza kwa matendo mawili ya msingi. Tuseme kukataa kwa jirani asiyeipokea njia, na kuchuja kwa kazi ya kupokea baadhi na kukataa baadhi kwa kanuni iliyoandikwa. Tuseme kuondoa kwa mtangazaji anayeifuta njia yake mwenyewe. Neno kukata tuliwekee tendo la mwenye amri anayewatenga watu na mtandao. Hatudai kwamba kata na kataa ni maneno ya asili moja. Tunasema tu kwamba sauti zao zimekaribiana kiasi cha kumfanya msikilizaji asione kwamba matendo yametengana.

Faida yake si ya kamusi peke yake. Huko Nairobi, watu walioweza kueleza tofauti ya maneno mawili walirudishiwa kituo chao baada ya mwaka mmoja na miezi michache. Mwanafunzi wa Butembo atakaposikia tena kwamba wamekata rezo, itafaa aulize kwa Kiswahili safi: ni nani, kwa kanuni gani, mpaka lini? Na ikiwa hakuna aliyekata, bali mnara umekosa umeme, itafaa vilevile ajue.